Ng'ombe Aliyengojeshwa hadi Ijumaa

Harufu ya maziwa yanayopashwa moto polepole, bila kuruhusiwa kuchemka, ni tamu na nzito, na mimi hunichosha. Nikiipata hata leo, hata ikiwa jikoni kwa mtu anayeniandalia uji kwa mapenzi yake, mabega hunilegea na natamani kuketi. Nimeitoa Umm Salal, kaskazini ya Doha, katika chumba kimoja chenye vigae vyeupe na sufuria ya shaba pana kiasi cha kumwogesha mtoto ndani yake. Humo, kila alasiri, mwanamume Mswisi aliyeitwa Ueli alikoroga maziwa ya jibini kwa fimbo ndefu huku jasho likimtiririka hadi kwenye buti za mpira. Nje kulikuwa na vumbi, malori ya mchanga na jua lisilo na haya. Ndani kulikuwa na ubaridi wa mashine, harufu hiyo, na Ueli akihesabu mizunguko ya fimbo kwa lugha ya kwao. Nilikuwa na miaka kumi. Nilidhani watu wazima wote duniani wamechoka, kwa kuwa wote niliowafahamu walikuwa wamechoka.

Sisi tulikaa Muaither, katika vyumba viwili vilivyomegwa kutoka nyumba kubwa ya mtu, na jiko letu lilikuwa kibaraza kilichozibwa kwa mbao. Mama ndiye aliyetuleta Doha. Alikuwa muuguzi, na kibali chetu cha kukaa kilisimama juu ya jina lake. Baba, ambaye kule kwetu Nandi, Kenya, alikuwa afisa wa mifugo anayepigiwa hodi alfajiri na watu wa vijiji vinne, alishuka uwanja wa ndege akiwa mume wa muuguzi, basi. Jambo hilo lilimkera kuliko alivyokiri. Mama naye alifanya shifti zilizobadilika kila wiki, na akirudi alivua viatu mlangoni, akatia miguu katika beseni la maji, akalala palepale kwenye kiti kabla maji hayajapoa. Niliujua uso wake ukiwa umelala kuliko nilivyoujua ukiwa macho. Siku za maonyesho shuleni, siku za wazazi, siku niliyoimba peke yangu mbele ya watu, Mama hakuwepo. Hakukosa mapenzi, alikosa siku. Tukimwonea huruma alitujibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, akacheka kidogo, akafumba macho tena. Mimi niliona waziwazi kwamba nundu ile ilikuwa ikimwelemea.

Baba alikutana na Ueli katika duka la dawa za mifugo, ambako Baba alikuwa ameingia bila haja ya kununua chochote, ila kunusa tu harufu ya kazi yake ya zamani. Walibishana juu ya dawa ya ugonjwa wa kiwele hadi muuza duka akawaomba watoke nje. Kesho yake Baba alikuwa na kazi. Ueli mwenyewe alikuwa amekuja mjini kama mpishi wa hoteli moja ya West Bay, akaudhika kwa miaka kadhaa kuona krimu na jibini vikishushwa kutoka kwenye ndege kama wagonjwa, ndipo akamshawishi mzee mmoja wa Kiqatari mwenye shamba Umm Salal amdhamini wafuge ng'ombe. Akaleta ng'ombe wa kahawia kutoka kwao, wazito, wenye masikio yenye manyoya na macho ya mtu aliyeamshwa usingizini. Watu walimcheka. Wenye ngamia wa jirani walikuja na magari yao kuwaangalia ng'ombe, wakapiga picha, wakaondoka wakitikisa vichwa. Ueli alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, shingo nyekundu, hana mke, na alilala katika chumba kilichoegemea ukuta wa zizi ili asikie wakikohoa. Nadhani hakuna mtu niliyewahi kumwona akikipenda kitu kwa kuchoka namna ile.

Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniangalia, Baba alinichukua shuleni mchana na kunipeleka zizini hadi ukamuaji wa jioni uishe. Nilifanyia kazi za shule juu ya meza ya chumba cha jibini. Ueli hakunisemesha kitoto. Siku moja nilimwambia kwamba ndama mdogo wa mwisho hanyonyi, anaisukuma tu chuchu kwa ulimi. Aliiacha fimbo ndani ya sufuria, maziwa ya siku nzima yakiwa katikati ya kuganda, akatoka na buti zake kwenda kumtazama ndama. Jibini la siku ile liliharibika. Ndama alikuwa na kidonda mdomoni, na Ueli alinishukuru kwa kunipa mkono, kama mtu mzima mwenzake. Jioni, kazi ikiisha, yeye na Baba waliketi juu ya makreti ya plastiki yaliyopinduliwa wakanywa chai ya majani mengi aliyoipika Baba, na Ueli alichovya mkate humo bila kuona aibu. Hawakuongea sana. Baba alimwita Mudiri, kwa Kiarabu cha kazini, kama wafanyakazi wote wa mji ule walivyowaita mabosi wao, lakini aliitamka kwa utani, na Ueli alijibu kwa utani kwa kumwita Daktari. Mama alisema Baba aliacha kusaga meno usingizini tangu apate mtu wa kunywa naye chai.

Kila ng'ombe alikuwa na jina, na Ueli alitarajia wote tuyajue. Baba aliyajua majina yote, ila hakuna siku aliyosema kwa sauti kwamba wako wangapi. Alikuwa na cheti cha chuo, amechoma ng'ombe wa watu sindano maelfu, lakini ng'ombe wa mtu hahesabiwi kwa kidole, na mabaya yake hayatabiriwi. Ukimwambia mwenye ng'ombe kwamba huyu wako atakufa, na akafa, umemla wewe. Watu watasema ulikuwa na jicho. Baba alilelewa hivyo na kusoma hakukuiondoa imani hiyo. Kiongozi wa kundi aliitwa Vreni, jina la shangazi yake Ueli, na alistahili jina la shangazi. Alitangulia kila mlango, aliwapiga wengine kumbo wakimkaribia majini, na alipenda kulamba mkoba wangu wa shule kwa ulimi mkavu unaokwaruza kama ganda la mkate. Mwaka ule alikuwa na mimba kubwa. Nilimpenda. Naandika hivi ili ieleweke kwamba sikufanya nililolifanya kwa kutompenda.

Kwao Ueli, kwenye milima, mifugo hukaa bondeni majira ya baridi, na siku moja maalumu mwanzoni mwa joto hupandishwa kwenda malisho ya juu. Kiongozi huvishwa taji la maua na kengele kubwa, watoto hutangulia, kijiji kizima husimama njiani. Umm Salal hakuna mlima. Pale mtu akisimama juu ya ndoo anaona mbali. Ueli hakujali. Alikuwa na mabanda mawili: moja wazi, lenye paa tu, la majira ya baridi, na jingine lililozibwa, lenye feni kubwa na mapazia yanayotiririka maji, la kiangazi. Kutoka banda moja hadi jingine ni hatua mia mbili za changarawe. Hatua hizo mia mbili ndizo alizozifanya mlima wake. Aliweka siku, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, na kila mwaka siku hiyo alivaa shati jeupe lililodariziwa maua kwenye kola, akamvisha Vreni kengele, na kundi likatembea hatua mia mbili kwa heshima zote. Wafanyakazi wa Kinepali waliokamua pamoja na Baba walipiga makofi. Mzee mdhamini alileta tende. Ukiitazama kwa mbali ilikuwa kichekesho, lakini ukiwa ndani yake hukucheka.

Mwaka ule Ueli aliniambia kwamba mimi ndiye nitakayemtangulia Vreni kwa kamba, na kwamba taji nitengeneze mwenyewe. Nilifanya kazi hiyo wiki tano. Maua mabichi hayakuwepo, basi nilitumia karatasi laini za rangi, waya wa kufungia magunia, na maua ya plastiki niliyoyakata kwenye shada lililotupwa na jirani. Vidole vilijaa gundi hata mwalimu akaniuliza kama nina ugonjwa wa ngozi. Halafu likatokea jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko taji. Mama aliomba ofu ya Ijumaa ile, akapewa. Alikuja kuniambia akiwa bado na sare, akiwa macho kabisa, akanishika mashavu. "Nitakuja nikuone, mama yangu. Hiyo siku ni yako na mimi." Niliiandika tarehe ile ukutani kwa penseli, nyuma ya pazia. Kila asubuhi niliitazama kabla ya kupiga mswaki.

Joto la mwaka ule halikungoja. Lilikuja likiwa na unyevu, ule unyevu wa bahari unaofanya shati lishike mgongo kabla hujafunga vifungo, na lilikuja karibu wiki mbili kabla ya Ijumaa ya Ueli. Ng'ombe waliacha kulala chini. Walisimama wamekusanyika kando ya birika la maji, ndimi nje, mate yakining'inia kama uzi, mbavu zikienda haraka haraka. Maziwa yakapungua ndoo baada ya ndoo. Ueli aliyaona hayo, si kipofu, lakini aliyaona kwa jicho la mtu wa nchi ya baridi ambaye miaka miwili iliyotangulia alibahatika. Aliamuru wamwagiwe maji kwa mpira mchana na jioni, akarudi kwenye sufuria yake, ambako alikuwa akishinda saa kumi na mbili kwa siku kwa sababu hoteli ilikuwa imemwagiza jibini la kutosha sherehe fulani. Alikuwa amechoka hata akawa anasinzia akikoroga. Baba alimzungukia kwa maneno ya mbali. Alimwambia banda la ndani liko tayari, feni amezipaka mafuta. Ueli akajibu vizuri sana, basi siku ya Ijumaa feni hazitatusumbua. Baba akamwambia kwetu husemwa, mwenye macho haambiwi tazama. Ueli akasema ni methali nzuri, akaomba aandikiwe kwenye karatasi. Akaibandika ukutani juu ya mizani.

Jumapili jioni, tukila ugali na sukuma wiki iliyotoka kwenye barafu, Baba alisukuma sahani yake. "Vreni haifiki Ijumaa," alimwambia Mama. "Inahemea tumboni. Hiyo mimba inaimaliza."

"Si umwambie mwenyewe?" Mama aliuliza. "Wewe ndiye daktari."

"Nimwambie nini? Nimwambie ng'ombe yako inakufa? Ikikufa, nitakuwa nani kwake?"

"Baba Chebet, tuko Doha. Huyo ni mzungu. Hajui hata hayo mambo ya jicho."

"Mimi nayajua," Baba alisema, na hapo Mama akaanza kukusanya sahani, kwa kuwa alikuwa mke wa miaka mingi na alijua mlango ukifungwa. Baba akanigeukia. Mtoto akisema, ni mtoto amesema. Mdomo wake hauna uzito, hakuna anayemshuku, na Ueli, aliongeza, hulisikia neno langu kuliko la mtu yeyote. "Kesho ukifika mwambie hivi: Vreni anahema vibaya, usingoje Ijumaa, hamisha leo. Sema ni wewe umeona. Umenielewa, mama?" Nilisema nimeelewa. Nilielewa vizuri. Nilielewa pia kwamba wakihamishwa Jumatatu, Mama atakuwa wodini, taji litavaliwa mbele ya Wanepali wawili, na Ijumaa atakuwa na ofu ya kuja kutazama banda tupu.

Jumatatu nilimkuta Ueli kwenye sufuria. Nikaweka mkoba mezani, nikasimama mbele yake kama mtu anayetaka kukariri shairi. Nakumbuka mashine ya baridi ikinguruma, na tone la jasho lililoning'inia kwenye ncha ya pua yake lisianguke. Akanitazama kwa macho mekundu ya usingizi, akatabasamu, akauliza kama taji limekwisha. Nikasema bado majani tu. Akasema Vreni atakuwa mrembo kuliko shangazi yake, na kwamba amemwambia mzee mdhamini aje na wajukuu, na kwamba amesikia mama yangu naye atakuja, kwa hiyo atavaa lile shati. Neno la Baba lilikuwa limefika kwenye meno. Nililimeza. Nikafungua daftari la hesabu, nikafanya hesabu zote ishirini, na zote nilizipata.

Garini Baba aliniuliza, akiwa anatazama barabara. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amesema siku haijafika. Amesema Ijumaa ni Ijumaa." Sikujua kwamba ningeweza kuongeza. Uongo wa kwanza ulikuwa mgumu kama jiwe, wa pili ukateleza wenyewe. Baba alibana usukani, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: ulijifunga. Nafikiri alikuwa radhi kuvumilia mwenye ng'ombe asiyejua. Mwenye ng'ombe aliyeambiwa na mtoto, kwa uwazi, akachagua sherehe, huyo hakumvumilia. Kesho yake jioni walikunywa chai kama kawaida, ila Baba alimaliza kikombe chake akiwa amesimama.

Vreni alianguka Jumatano, saa tisa alasiri. Nilikuwa wa kwanza kumwona, kwa sababu mkoba wangu haukulambwa. Alikuwa amelala ubavu karibu na birika, shingo imenyooka, akivuta pumzi za kukatakata. Nilipiga kelele. Baba alikuja mbio na mpira wa maji, Ueli akatoka na fimbo ya jibini bado mkononi, wakamwagia kichwa, wakamwagia tumbo, Wanepali wakaleta barafu ya chumba cha maziwa kwa karai, Baba akamdunga sindano, wakajaribu kumwinua kwa magunia yaliyopitishwa chini ya kifua. Ueli alimsemesha kwa lugha ya kwao, maneno mafupi mafupi, yaleyale. Ilichukua muda usiofika saa nzima. Baba alitaka kumpasua amwokoe ndama, akaweka sikio tumboni, akasikiliza, akatikisa kichwa. Ueli alikaa chini kwenye matope na kuegemeza kichwa cha Vreni mapajani mwake. Mtu mzima kulia mbele yangu ilikuwa ni mara ya kwanza, na niliogopa kuliko nilivyoogopa kifo chenyewe.

Kisha akamwinulia Baba uso. "Daktari, wewe uliona. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliambiwa," Baba alisema.

"Methali! Uliniambia methali!"

"Ulisikia, Mudiri. Ukangoja Ijumaa yako."

Ueli akainamisha kichwa. "Ndiyo," alisema. "Nikangoja." Nilikuwa nimesimama katikati yao na ndoo tupu, nikisubiri mmoja wao alitaje jina langu. Hakuna aliyelitaja. Baba hakunitaja kwa kuwa mtoto hatiwi katika ugomvi wa watu wazima, alikuwa ananikinga. Ueli hakunitaja kwa kuwa hakuwa na la kutaja. Ningesema maneno manne tu pale, na watu wawili wangebaki na urafiki wao, wakanichapa, na mambo yakaisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Mshindo wa kimya changu haukusikika siku ile. Ulisikika polepole, mwaka mzima.

Ng'ombe walihamishwa jioni hiyohiyo, wakiswagwa haraka, bila kengele. Ijumaa Mama alibaki na ofu yake. Alitaka twende popote, pwani, madukani, nimwambie tu. Nilimwambia alale. Alilala hadi saa kumi alasiri, na mimi nikakaa kando ya kitanda nikimtazama, na nikamwaga machozi yangu kwenye shuka upande ambao hakuwepo. Alipoamka alidhani namlilia ng'ombe, akanibembeleza, na huko kubembelezwa kulikuwa kuzuri hata nikaona aibu.

Baba hakugombana tena na Ueli. Ingekuwa nafuu wangegombana. Aliacha kumwita Mudiri kwa utani, akamwita "sir". Chai akaanza kunywea garini. Ueli alijaribu mara moja kumletea kikombe mpaka dirishani, na Baba akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na baadaye nikamwona akikimwaga mchangani. Mwezi wa tisa Baba aliacha kazi, akawa dereva wa basi la wafanyakazi, kazi ambayo haikumtaka ajue lolote alilolijua. Akarudi kusaga meno. Ueli aliajiri watu wengine, wazuri tu, lakini hapakuwa na mmoja aliyeweza kusikia ugonjwa kabla haujafika. Katika msimu wa baridi uliofuata ugonjwa wa kiwele ulipita zizini kama moto wa nyasi. Alihangaika miaka miwili. Kisha tukasikia ng'ombe wameuzwa na Ueli amerudi milimani kwao. Kila mwezi wa kumi na mbili ilikuja kadi yenye picha ya theluji, imeandikwa majina yetu watatu, na Baba aliipitisha kwa Mama bila kuifungua. Nyumbani mwetu Ueli akawa mfano wa usemi. Mtu asiyeshaurika aliitwa hivyo: huyu naye ni Ueli, haambiliki. Nilicheka pamoja nao. Miaka yote hiyo nilicheka.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilienda miaka ishirini na miwili. Wazazi wangu walistaafu wakarudi Nandi. Mimi nilisoma kompyuta, nikarudi Doha kwa miguu yangu, na sasa nakaa kwenye ofisi ya ghorofa ya juu West Bay ambako baridi ya mashine ni bure na hakuna anayejua harufu ya kitu chochote. Maziwa ya hapahapa yamejaa madukani. Kuna mazizi makubwa jangwani yenye ng'ombe maelfu, walioletwa wengine kwa ndege, ndani ya ubaridi kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, kila mmoja na namba sikioni. Hawangoji Ijumaa ya mtu. Najua kwamba ni bora hivyo, na ng'ombe wangeulizwa wangechagua hivyo. Lakini nikinunua chupa ya maziwa yao nikiwa nimetoka kazini, miguu imevimba kama ya Mama, huwa nafikiri kwamba sasa nina umri wa kuchoka kama wao walivyochoka, na kwamba kosa langu halikuwa la mtoto asiyejua. Nilimtaka mama yangu kwa siku moja, nikalipia kwa kitu cha watu wengine.

Likizo ya mwaka juzi nilimwambia Baba. Tulikuwa nyuma ya nyumba, anapukuchua mahindi. Nilimwambia yote, hata hesabu ishirini. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe mkononi mwake, kisha akauliza jambo moja tu: "Ueli yu hai?" Sikujua. "Mtafute," akasema, akaingia ndani, na siku tatu hakunisemesha ila kwa salamu. Mama alikuwa amezitunza kadi zote. Nikaandika kwa anwani ile, kurasa nne, nikaomba radhi kama nilivyojua.

Jibu lilifika Doha baada ya miezi miwili, kwa mwandiko wa kutetemeka, mistari isiyojaa kadi. Nililibeba hadi nyumbani likizo iliyofuata, nikamsomea Baba, nikimtafsiria: Chebet mpendwa, usijisumbue. Nilikuwa mtu mkaidi. Hata ungeniambia, ningeingoja Ijumaa. Lala salama, na umsalimie Daktari. Niliposoma hayo mara ya kwanza, peke yangu, nililia kwa raha, na nilidhani Baba naye atapata raha hiyo.

Baba alinyoosha mkono akaichukua kadi, akaitazama ingawa hakuwa na miwani. "Huyu anakudanganya," alisema. "Aliacha jibini ya siku nzima kwa sababu ulisema ndama hanyonyi. Ungemwambia, angewahamisha saa ileile." Hakusema kwa hasira. Alisema kama alivyokuwa akisema jina la ugonjwa, ili mtu ajue anatibu nini. Kisha akaigeuzageuza kadi mkononi. "Mimi nimemwita kiziwi miaka yote hii. Na yeye bado ananiita Daktari."

Akaniomba karatasi na kalamu. Nikamwambia anitajie tu, nimwandikie mimi, kwa kuwa Kiingereza chake kimelala siku nyingi na mkono wake si mwepesi tena. Akasema hapana, neno la safari hii atalipeleka mwenyewe.